Majani yakianza kupukutika mi natoa ndoano

Leo asubuhi nimetoka kumpeleka mtoto shule nikapita Kelvingrove Park kama kawaida, nikakuta ile njia ya chini imejaa majani. Yaani Ijumaa yalikuwa bado mtini, leo yako chini yamelowa, mengine rangi ya bizari, mengine rangi ya ugoro, mengine damu ya mzee kabisa, na upepo ule wa hapa Glasgow, Scotland, unaopenya hata kwenye zipu. Nikasema basi, muda umefika. Nimerudi nyumbani nimeteremsha kapu la nyuzi na ndoano za krosheti kutoka juu ya kabati kabla hata sijavua koti.

Kipindi hiki kamusi zinakiita vuli, na mimi kwa miaka nilikuwa nagoma kukiita hivyo. Kwetu Tanga vuli ni mvua, zile za Oktoba mpaka Desemba, watu wanapanda mahindi, ardhi inanukia, embe zinaanza kuonekana sokoni. Vuli ya huku inaanza Septemba na kazi yake ni kukata mwanga, kila siku dakika kadhaa zinaondoka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma na kesho yake unatoka kazini tayari ni usiku. Desemba ndio kabisa, saa kumi kasoro robo jioni jua limeshazama. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nakaa dirishani naangalia taa za barabarani zikiwaka mchana mchana na machozi yananitoka. Kilichonitoa pale dirishani ni ndoano na uzi, ndio maana nayaandika haya kwa moyo wote, maana najua kuna mtu yuko Uingereza au Norway au Minnesota huko sasa hivi, kaja juzi, anaona giza linaingia na hajui ashike wapi.

Kufuma nimefundishwa na mama. Tulikuwa tunakaa Ngamiani, kwa wanaoijua Tanga ni ile mitaa ya barabara za namba, na sebule yetu ilikuwa kama sebule nyingi za wakati ule, kila kitu kimevaa. Makochi yana vitambaa mgongoni na kwenye mikono, meza ina chake, redio ina chake, tivii ina chake kimening'iniza pembe mbele ya kioo mpaka ukitaka kuangalia taarifa ya habari ukifunue kwanza, na jagi la maji lina kile cha duara chenye shanga pembeni za kukipa uzito. Vyote vyeupe au rangi ya maziwa, vimetiwa stachi vimekakamaa. Mama aliyajulia shuleni kwenye sayansikimu, akatufundisha sisi mabinti zake kwa uzi mwembamba wa pamba na kindoano chembamba mno, na alikuwa mkali, ukiruka tundu moja anakufumulia mistari yote mbele yako kimya kimya afu anakurudishia donge lako uanze. Alikuwa anauza seti za makochi. Ada yangu ya kidato cha kwanza na cha pili ilitoka mle, kwenye vitambaa, tundu kwa tundu.

Lakini katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichofumwa kumpa mtu joto. Tanga ile, nani ana haja ya joto? Mama alifuma nyumba iwe na heshima, mgeni akiingia aone humu kuna mtu anaijua kazi. Sweta tulikuwa tunakutana nazo tukipanda Lushoto kwa bibi mwezi wa saba, kipupwe, kule milimani asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni na bibi kajifunika shuka mbili karibu na jiko. Kwahiyo mimi nilipofika huku na ndoano zangu nne kwenye begi nikaanza kufuma nilichokijua, vitambaa vyeupe vya kochi, kwenye nyumba ambayo usiku nilikuwa nalala na koti. Nyumba zenyewe za hapa wanaziita tenementi, majengo ya mawe ya zamani, dari iko juu sana, madirisha makubwa ya kupendeza ila upepo unaingia kila upenyo. Nilikuwa nafumia sebule ya mama iliyoko maili elfu kadhaa huko, hii ninayokaa nimeiacha uchi.

Aliyenigutusha ni bibi mmoja jirani, ghorofa ya chini yangu, alikuwa na miaka themanini na kitu, sasa hivi hayupo tena duniani, Mungu amlaze pema. Alikuja kuniletea barua iliyoingia kwake kimakosa, akakiona kitambaa juu ya kochi, akaomba akishike. Akakipeleka dirishani akakaa nacho muda mrefu anayageuza yale matundu kwenye mwanga. Akaniambia bibi yake mzaa mama alikuwa anafuma hivi hivi, kwao Ireland. Mi nilikuwa sijui kabisa kama Ireland ina habari na krosheti, baadae nikasoma, kumbe njaa ya viazi ilipoipiga nchi ile kuanzia 1845, wanawake walifundishwa kufuma lesi ya krosheti wauze nje wapate chakula. Kwenye mji mmoja unaitwa Clones kazi hiyo aliianzisha mke wa mchungaji, Cassandra Hand, mwaka 1847, na lesi ya Clones mpaka leo inajulikana kwa jina hilo. Na wengi waliokimbia ile njaa walivuka bahari wakaja hapa hapa Glasgow. Nikamwambia yule bibi, mimi ada yangu ya shule ilitoka kwenye hicho ulichokishika. Akanishika mkono akanyamaza. Tukakaa hivyo kidogo. Afu akaangalia chini akaniuliza, sasa mwanangu mbona mlango wako unapitisha upepo namna hii?

Kesho yake akanipandishia gogo la mlango. Jina hilo nimelipa mimi, ni kitu kirefu kama mto mwembamba, unakilaza chini ya mlango kinaziba ule upenyo. La kwake lilikuwa la krosheti, limechakaa, rangi tatu tofauti, na siku ile nililiweka tu chini ya mlango wa sebule miguu yangu ikasikia tofauti. Ndio maana mtu akiniuliza aanze na nini vuli ikiingia, sisemi sweta, nasema anza na mlango. Sweta inampa joto mtu mmoja, mlango ukiziba chumba kizima kinatulia. Na mwaka ule wa 2022 gesi na umeme vilipopanda Uingereza nzima, tulioziba mapema angalau tulipumua.

Gogo langu naliwekea sentimita 80, kwa sababu milango mingi ya ndani huku ina upana wa sentimita 76 na nataka libane kidogo pembeni. Natumia uzi mnene unaoitwa arani na ndoano ya milimita 5. Unaanza na kitanzi, ndani yake nguzo fupi 6 (nguzo ni fundo moja la ndoano lililosimama, na fupi ni lile la chini), raundi ya pili unaongeza zinakuwa 12, ya tatu 18, unaendelea kuongeza 6 kila raundi mpaka zifike 42, baada ya hapo huongezi tena, unazunguka tu, unazunguka, huku unasikiliza redio au unaongea na simu, mpaka upate urefu wako. Nguzo fupi tupu, usishawishike kuweka mapambo ya matundu, kwa sababu tundu ndio njia ya upepo. Langu lilikula kama madonge mawili ya gramu 100. Ndani nimejaza vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi, niliwahi kubeba mfuko mzima kutoka nyumbani, na kila ncha nimetia soksi yenye nusu kilo ya mchele ili gogo likae chini lisiteleze.

Hapa nisimame kwenye haya majina maana ndipo wengi wanapopotelea. Mama hakuwa na majina ya kizungu, alikuwa anasema cheni, yaani vitanzi vinavyofuatana kama mnyororo, nguzo fupi, nguzo ndefu, basi, na mimi mpaka leo kichwani nafuma kwa majina yake. Ila ukifuata patani za mtandaoni, yaani maelekezo ya kufuma, lazima ujue hili: Wamarekani na Waingereza wanatumia maneno yale yale kwa vitu tofauti. Nguzo fupi ya mama, Mmarekani anaiita singo krosheti, Mwingereza anaiita dabo krosheti. Nguzo ndefu, Mmarekani anaiita dabo, Mwingereza anaiita trebo. Umeona hapo? Dabo ya mmoja ni fupi na dabo ya mwingine ni ndefu. Mimi nilifuata video ya mama mmoja wa Kimarekani wakati kichwa changu kimeshazoea vitabu vya hapa, akisema dabo mi naweka fupi, nikafuma shali wiki mbili, idadi ya mistari imetimia kama alivyosema na shali inafika kifuani tu. Niliumia sana siku ile. Njia ya kutambua ni rahisi, patani ikiwa na neno singo hata mara moja ujue ni ya Kimarekani, kwa sababu kwenye hesabu ya Waingereza singo haipo. Angalia hilo kwanza kabla hujanunua hata uzi.

Baada ya mlango, kitanda. Huku watu wanalala na chupa ya mpira ya maji ya moto, unaijaza unaiingiza chini ya duveti miguuni, na hii mi naona ni moja ya vitu vizuri kabisa walivyonifundisha watu wa huku. Chupa ikiwa uchi inaunguza ngozi, kwahiyo inataka nguo. Nyingi za lita mbili ni kama sentimita 20 kwa 33, unafuma mfuko wa upana huo, chini umeziba, juu unaacha shingo, na shingoni unaweka mistari ya kuvutika ili ukunje chupa tupu uipenyeze kisha ijifungue ndani. Uzi wa sufu au pamba, akriliki, ule uzi wa kiwandani, sipendi hapo maana haistahimili joto kali. Na maji yasiwe yale yanayochemka kabisa, acha kwanza yatulie. Kingine nilichofundishwa na yule bibi, karibu na shingo ya chupa kuna alama kama ua, katikati ya ua kuna namba ya mwaka ilipotengenezwa, ikishapita miaka miwili tupa nunua nyingine, mpira unachoka na unaweza kupasuka ukiwa kitandani. Nimeenda kuangalia chupa za rafiki zangu wote tangu siku ile, jamani angalieni na zenu.

Blanketi sasa. Blanketi la vyumba vyumba, yaani vipande vya mraba vinavyounganishwa, wenyewe wanaita grani skwea, ndio kazi ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inabebeka, chumba kimoja unakifuma kwenye basi unakimaliza. Unaunganisha cheni 4 kuwa pete, ndani ya pete unaweka mafungu manne ya nguzo ndefu tatu tatu, kati ya fungu na fungu cheni mbili, hizo cheni ndizo kona zako. Raundi inayofuata kila kona inapokea mafungu mawili na cheni mbili katikati, na kila nafasi ya pembeni inapokea fungu moja. Ndio hivyo tu mpaka mwisho wa dunia. Mimi kwa uzi wa dikei, mwembamba kuliko arani, na ndoano ya 4 raundi saba zinanipa kama sentimita 15, na nilitaka blanketi la kujifunika watu wawili kwenye kochi, sentimita 120 kwa 150, kwahiyo vyumba vinane kwa kumi, themanini jumla. Lilikula madonge kumi na moja ya gramu 100 ukichanganya na pindo, na lilikula vuli mbili.

Rangi nilizichagua kule kule bustanini, hilo nalisema kwa msisitizo. Nilikuwa nimekwenda dukani mara ya kwanza nikajikuta nimechukua nyeupe tena kwa mazoea, nikairudisha. Nikaokota majani sita nikayatia kwenye kitabu, nikarudi nayo dukani nikawa nayaweka juu ya madonge moja moja. Nikatoka na haradali, kahawia ya mdalasini, damu ya mzee, kijani cha mchicha uliopikwa, na rangi ya samli ya kuunganishia vyumba vyote. Nilivyompigia mama video kumwonyesha vyumba ishirini vya kwanza alinyamaza kwanza.

"Shikamoo mama, umeviona?"

"Marahaba mwanangu. Nimeviona. Mbona rangi za jikoni hizi?"

Nikacheka nikamwambia ndio mama, bizari na mdalasini na mchicha, nimezikumbuka jikoni kwako. Akasema basi hebu sogeza nione kona. Kwa mama kona ndio mtihani, kona ikilala vizuri kazi ni nzuri, ikijikunja anarudisha. Zikapita.

Kwa blanketi natumia akriliki na sioni aibu. Mtoto anamwagia chai, mtoto anatapika, linaingia kwenye mashine linatoka. Kuna watu watakuambia sufu tupu au usifume, mi nasema weka hela ya sufu kwenye vitu vinavyogusa kichwa na shingo, vya kochi vifanye kwa uzi unaofulika. Na usipitishe pasi kwenye akriliki, inalegea mara moja na hairudi tena ilivyokuwa.

Kofia ya birika nimefuma kwa jioni mbili, chai ya tangawizi inakaa moto mpaka kikombe cha tatu, sina la zaidi.

Tukija kwenye mavazi, kofia ya kichwani ndio ya kwanza na donge moja la gramu 100 linatosha. Wengi wanaanzia juu utosini, mi napenda njia ya pili, unafuma kipande cha mstatili, upana kama sentimita 28, na kila nguzo unaichoma kwenye kitanzi cha nyuma tu badala ya vitanzi vyote viwili, hapo inatokea mistari inayovutika kama pindo la soksi. Urefu wa kipande unatokana na kichwa, toa kama sentimita 5 kwenye mzunguko wa kichwa chako, kichwa cha 55 kipande cha 50. Ukimaliza unashona ncha kwa ncha, juu unapitisha uzi unakaza, chini unakunja, umemaliza. Ila dada zangu wa misuko sikilizeni, pima kichwa kikiwa na nywele zake. Mi Oktoba huwa na rasta ndefu, mzunguko unaongezeka, na kofia uliyopima na nywele fupi haitapanda. Na ndani lazima satini. Sufu inakula nywele za pembeni, nilikuja kugundua kwenye paji nywele zimekatika upande mmoja, ule ninaoegemea kwenye treni. Sasa hivi kila kofia naikatia satini ya duara naishonea kwa ndani kwa mkono, inachukua kama saa nzima na inaokoa nywele. Nimewafumia hivyo wenzangu wanne kazini, wawili Wanigeria, Mkongo mmoja na Mkenya, wote tuna shida moja na kofia za dukani hazituwazi.

Sweta ya kufungua mbele, kadigani, watu wanaiogopa bure. Kuna ile ya pembesita, ndio ninayomfundisha kila mtu. Unafuma pembesita mbili kubwa, ni kama grani skwea ila kona ziko sita badala ya nne. Zikifika ukubwa, unaikunja moja, inakuwa kama herufi L, mguu mmoja wa L ni mkono wako na mguu mwingine ni nusu ya kiwiliwili chako. Nyingine hivyo hivyo. Unaziunganisha mgongoni, unaongeza pindo na mikono ukitaka mirefu, basi umevaa. Mara ya kwanza nilipoikunja ile pembesita mezani ikageuka sweta niliita mume wangu aje aone, nikaikunjua nikaikunja tena mbele yake.

Kadigani yangu ya kwanza ya pembesita niliifuma kwa sufu ya Shetland, visiwa vile vya juu kabisa kaskazini mwa Scotland, sufu yake nyepesi ina manyoya yanayoshikana, ukiisogeza puani inanuka kondoo kidogo na mi naipenda harufu ile. Niliivaa Novemba na Desemba yote. Januari nikaitia kwenye mashine pamoja na mataulo, maji ya 60. Nyuzi za sufu zina magamba madogo madogo, zikipata joto na maji na msuguano yale magamba yanang'ang'aniana na hayaachani tena, ndio kitu imetokea, imetoka nene kama godoro na inamtosha mtoto wa miaka minne. Nililia kweli, miezi miwili ya jioni zangu. Ikakaa kabatini mwaka mzima sikuweza kuitupa. Baadae nikagundua sufu ikishashikana hivyo unaweza kuikata kwa mkasi na haifumuki, nikakata soli jozi tatu, juu nikafumia malapa ya nyumbani, mimi, baba watoto na mtoto. Tunayavaa mpaka leo, sakafu ya mbao ikiwa baridi hakuna kiatu kinachoyafikia. Kwahiyo usomeni ule mkanda wa karatasi kwenye donge. Ukiona neno supawoshi ujue sufu hiyo imeshughulikiwa iingie kwenye mashine, usipoliona fua kwa mkono, maji ya vuguvugu, usiipigepige, usiikamue, ikunje ndani ya taulo uikanyage itoe maji, afu itandaze juu ya taulo kavu. Jikoni kwangu kuna ile fremu ya mbao ya kuanikia inayopandishwa darini kwa kamba, nyumba nyingi za hapa zinayo, nzuri kwa mashati lakini sweta ya kufuma usiiweke, maji yanaivuta inafika magotini.

Vuli hii nina kazi moja tu ambayo nimeipa nafasi ya kwanza mbele ya zote, na ndio maana nilishindwa kusubiri hata kuvua koti. Mama amehama Tanga mjini mwaka huu, amepanda Lushoto kukaa kwenye nyumba ya bibi. Mwezi wa saba alinipigia akiwa kajifunika, nikamwona kwenye kioo cha simu anatetemeka, nikamwona bibi kabisa. Wiki mbili zilizopita akanitumia sauti ya WhatsApp, nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Anasema, mwanangu, zile nguo unazofuma huko za baridi, na mimi nifumie ya begani. Kimya kidogo. Afu akaendelea, lakini pindo uniwekee lesi, sitaki nikienda kanisani watu waone kama nimebeba blanketi.

Maisha yangu yote mama hajawahi kuniomba nimfumie kitu. Aliyekuwa anafuma ni yeye.

Nimenunua sufu ya supawoshi, ili asipate shida na kufua, rangi ya maziwa kwa sababu namjua. Shali ya pembetatu, unaanza katikati ya shingo unaongeza pembeni na katikati kila mstari, nguzo ndefu tupu, ndoano ya 5 ili kitambaa kilainike kilale begani. Kiwiliwili kimefika sentimita 140 kutoka ncha mpaka ncha, kimebaki kidogo. Pindo ndilo limenisimamisha. Sikutaka pindo la mtandaoni, nilitaka lile lile la vitambaa vyake vya kochi, lile la majani, ambalo alikuwa analiweka kwenye seti za kuuza tu. Mimi hakunifundisha lile, nilikuwa bado mdogo na alikuwa na haraka ya oda. Nikamwomba apige picha kitambaa kimoja kama kimebaki. Kimebaki kimoja, kimegeuka rangi ya chai na pembe moja panya wameila, akakitandika juu ya kanga nyekundu ili matundu yaonekane vizuri, akapiga picha nne.

Nimezikuza kwenye simu hapa, nahesabu. Naona nguzo ndefu saba kwa kila jani, kati ya jani na jani cheni tatu na kifundo kimoja kidogo, mpaka hapo nimeenda naye sawa. Kona ndio sijaielewa, kama amegawa jani mara mbili au ameweka majani mawili kwenye tundu moja, na pembe inayoonekana vizuri ndio hiyo iliyoliwa. Huku sasa hivi saa kumi na moja jioni, kule saa moja usiku, atakuwa anamalizia kula. Nampigia.